Posa Baina ya Neema na Hiari

Kitambaa nilikikata kabla ya posa. Nalisema mwenyewe mapema, asije mtu mwenye mdomo akalisema kwa niaba yangu. Satini nyeupe, nzito, ile inayoanguka vizuri. Niliitandaza juu ya meza ya kukatia, nikachora kwa chaki, nikatia mkasi. Vipimo sikuchukua. Nilikata kwa vipimo vya marehemu mama yake binti, ninavyo kichwani, maana nilimshonea tangu ujana wetu na binti amemfuata mama yake kila kitu.

Mume wangu akaingia chumba cha cherehani akitafuta miwani yake. Akaona ile satini, akasahau miwani.

"Mama, hilo ni gauni la nani?"

"La mkweo."

"Mkwe gani? Posa hatujapeleka!"

"Si tunapeleka Jumamosi?"

"Na wakikataa?"

"Hawatakataa."

"Umejuaje?"

"Sijajua. Nimekata," nikamwambia. "Na miwani iko kichwani kwako."

Mimi ndivyo nilivyo. Nashona majoho ya wahitimu na ya kwaya, na kazi yangu imenifundisha jambo moja: mkono ukitetemeka, mkasi unakula pembeni na kitambaa kinaharibika. Ukishaamua, kata. Mume wangu yeye ni mtu wa kupima mpaka jua lizame.

Sasa niwaeleze shida ilikuwa wapi. Mwanangu ni fundi umeme. Binti anayempenda ni daktari wa meno. Najua mnachofikiri, kwamba daktari na fundi wapi na wapi. Hapana, shida haikuwa hiyo. Hao wawili walikuwa wameshapatana wenyewe, wanataniana na kusikilizana. Shida ilikuwa baba zao.

Baba zao wote wawili ni walimu wa chuo cha teolojia. Walifundisha somo moja, historia ya walimu wakuu wa Kanisa, katika ofisi moja, meza zikitazamana, birika la chai moja. Basi mimi niliyeolewa na mmoja wao, hao walimu wakuu walihamia kwangu kama wapangaji wasiolipa kodi. Agustino namjua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Najua mama yake alivyomlilia miaka na miaka mpaka akatulia. Najua Atanasio alifukuzwa mjini kwake mara tano na mara tano akarudi, na kwa hilo nilimpenda, maana ni mbishi kama mimi. Najua Tomaso wa Akwino alikuwa mkubwa wa mwili na mkimya hadi wanafunzi wenzake wakamwita ng'ombe bubu, na ng'ombe huyo huyo akaja kuandika mpaka mume wangu hajamaliza kumsoma. Luther na Kalvini waligombaniwa mezani kwangu chakula kikapoa. Usinionee huruma, niliyazoea.

Ugomvi wenyewe nitawapa kwa lugha ya jikoni. Mtu ametumbukia kisimani. Mungu anashusha kamba. Rafiki ya mume wangu alishikilia Agustino: mtu huyo amekwisha, hata nguvu ya kuinua mkono ashike kamba lazima apewe kutoka juu. Kwa hiyo wanafunzi wakambandika jina Mzee Neema. Mwanaume mzima, ndevu mpaka kifuani, anaitwa Neema! Wageni walikuwa wakifika chuoni wanamtafuta mama mmoja mpole. Mume wangu naye alishikilia Yohane Krisostomo, yule mhubiri aliyeitwa Kinywa cha Dhahabu: kamba imeshuka, ni kweli, hakuna anayebisha, lakini kushika ni kwako, Mungu hamburuzi mtu. Huyo wakamwita Mzee Hiari.

Walibishana hivyo kwa raha zao. Jumapili tunakula pamoja, wao wanapayuka sebuleni, mimi na mke wa Neema tunacheka jikoni. Alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, yule mwanamke. Binti yake alipozaliwa, gauni la kwanza alilovaa nilishona mimi.

Halafu chuo kikajenga ukumbi mpya, na Mkuu wa chuo akaagiza picha za walimu wakuu zitundikwe kwenye korido. Angesema zipangwe kwa miaka ya kuzaliwa, Atanasio angetangulia na sote tungelala usingizi. Yeye akasema zipangwe kwa ukubwa wa ushawishi! Mtu mwenye shahada tatu, jamani. Msumari wa kwanza ulikuwa pale penye mlango wa maktaba. Asubuhi Neema anawahi, anamtundika Agustino. Saa nne mume wangu anapita, anamshusha Agustino, anampandisha Krisostomo. Mchana Agustino karudi. Watu wazima wenye mvi wakawa wanapishana korido na ngazi mkononi.

Ingekuwa kichekesho mpaka leo, lakini kwenye kikao cha walimu, mbele ya watu, mume wangu akasema: "Mtu anayesubiri asukumwe hata kwenye kutenda haki ana tofauti gani na mkokoteni?" Neema akamjibu: "Na mtu anayejisifu kwamba amejiokoa mwenyewe, Kristo alimfia nani?" Maneno yakitoka hayarudi. Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana tena. Mmoja akahamishia meza yake stoo, mwingine akabaki na birika. Mkuu wa chuo alichoka, akaenda kununua saa ya ukutani akaitundika kwenye ule msumari. Hivyo kwa mujibu wa chuo kile, mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote katika historia ya Kanisa ni saa ya betri.

Mimi na mke wa Neema tuliendelea kuonana, lakini kwa kuibia, kama wanafunzi watoro. Kisha akaugua. Kisha akafariki.

Siku ya mazishi Neema alikaa mstari wa mbele na binti yake upande mmoja. Upande wa pili palikuwa na kiti kitupu, na juu yake ameweka kofia yake. Watu wamejaa, wengine wamesimama juani, kila anayekiendea kile kiti Neema anamwambia kwa upole, "Kina mwenyewe." Nilijua mwenyewe ni nani. Nikageuka nimwangalie mume wangu. Alikuwa nyuma kabisa, ameegemea ukuta, anaangalia viatu vyake, na hapo ndipo alipobaki mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ilikaa muda mrefu sana. Naye hakusema lolote, na mimi, ambaye huwa sinyamazi, nilinyamaza.

Sasa watu kama hao, watoto wao ndio wakapendana. Na binti alikuwa amemwambia mwanangu waziwazi: "Bila baraka ya baba siolewi. Nimebaki mimi tu na yeye, siwezi kumwacha na kinyongo." Neema alipopelekewa habari akajibu kifupi: waje Jumamosi asubuhi, nina swali moja tu.

Mume wangu aliposikia "swali moja" akacheka kwa pua.

"Najua swali lake. Atamuuliza kijana nani alianza. Ulimchagua au ulichaguliwa?" Akamgeukia mwanetu aliyekuwa anakula mkate amesimama. "Wewe utasema ulimchagua. Simama wima, sema, nilimchagua. Ukisema ulivutwa sijui ulipangiwa, mimi naondoka, na posa isiyo na baba hakuna."

"Na akisema amechagua," nikamuuliza, "yule mzee atakubali?"

"Hatakubali. Lakini atakuwa amesema kweli."

Binti alikwisha kutupigia simu na kutueleza hivyo hivyo kutoka upande wa pili. Baba yake akisikia "nilichagua", mlango umefungwa. Kwa hiyo mwanangu akijibu hivi, baba mkwe anakataa. Akijibu vile, baba yake anainuka na kuondoka. Fahali wawili wanapigana, na nyasi ni hawa watoto wetu. Nilitamani kuwafunga wote wawili kwenye chumba kimoja na yule ng'ombe bubu awasimamie.

"Mwanangu, utajibuje?" nikamuuliza tulipobaki wawili.

"Nitasema ukweli, mama."

"Ukweli upi?"

"Uliopo," akasema, akajifuta makombo ya mkate, akaenda kazini. Nikaona bora nirudi kwenye cherehani. Nilishona mabega ya gauni siku hiyo, na mkono haukutetemeka.

Jumamosi tukafika. Sebule ya Neema ni vitabu mpaka dirishani. Vitabu juu ya kabati, vitabu chini ya meza ya redio, na hata kiti cha mkono wake wa kulia kimejaa vitabu mpaka usawa wa bega. Ukutani picha ya rafiki yangu anacheka. Nilipoiona nikasema moyoni, subiri kwanza, tuna kazi hapa.

"Karibu, shemeji," Neema akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Lakini Neema hakumwangalia mume wangu, aliutazama ukuta, akasema, "Karibuni wote." Mume wangu naye akaujibu ukuta ule ule, "Asante." Ukuta ulisalimiwa vizuri sana siku hiyo. Mwanangu akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa ukingoni mwa kochi. Shangazi yake binti, dada mkubwa wa Neema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza mkutano, akaleta chai na biskuti, akakaa karibu yangu akaninong'oneza, "Dada, leo tutatoka hapa na ndoa au na kesi." Binti akaja akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nikamwangalia mabega. Nilikuwa sijakosea.

Nikasema maneno ya posa mimi, kwa sababu mume wangu alikuwa anavuta pumzi za hotuba na nilijua hotuba hiyo ingetupeleka wapi. Nikasema tumekuja kuomba binti, tunampenda, kijana wetu ana kazi na ana adabu, basi. Neema akanisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Kijana," akasema, "binti yangu ulimchagua wewe, au ulipewa?"

"Haya, si nilisema!" mume wangu akauambia ukuta.

"Nimemuuliza kijana," Neema naye akauambia ukuta. Kisha akamgeukia mwanangu. "Sikuulizi kwa ubishi. Nakuuliza kama baba. Mume anayesema amechagua mwenyewe, kesho anaweza kuchagua tena. Leo huyu, kesho yule. Nataka mtu anayejua kwamba mke ni zawadi, hakumstahili."

"Na anayesema amevutwa tu?" mume wangu hakuweza kujizuia. "Kesho akivutwa kwingine atasema nini? Atasema si mimi, nimesukumwa! Mume ni yule anayesema nilitaka, na leo nataka, na kesho nitataka."

Niwaambie kitu? Wote wawili walikuwa na maana. Miaka yote nilidhani wanabishana mambo ya mbinguni, kumbe yanaingia mpaka kwenye ndoa yangu. Lakini pale hapakuwa na nafasi ya kuwasifu. Kila mtu alikuwa anamwangalia mwanangu, na yule binti pale kigodani alikuwa ameshika pindo la sketi yake kwa nguvu mpaka vidole vimepauka.

"Baba," mwanangu akasema, "naomba nianzie kwenye umeme."

"Kwenye umeme?"

"Ndiyo. Niliitwa kliniki, ile iliyo juu ya duka la viatu. Nikaambiwa mashine ya kuchongea meno haipati moto. Nikafungua soketi, nikakuta waya umelegea. Nikaukaza, nikaondoka. Haikupita wiki, naitwa tena. Soketi ile ile, waya ule ule. Mimi sirudii kazi, baba. Nikikaza nimekaza. Basi nikaiangalia ile skrubu vizuri. Ilikuwa na mikwaruzo, na si ya bisibisi. Ni ya kitu chembamba, kina ncha iliyopinda. Nikageuka, nikaona pale kwenye sinia ya vifaa..."

"Subiri," binti akasema. "Hapo ni pangu."

Akasimama. Shangazi akaacha kutafuna biskuti.

"Baba, unakumbuka mahafali ya mwaka jana, nilikuletea joho mapema? Huyu alikuwa juu ya ngazi anatengeneza taa za ukumbi. Ndege akaingia ndani, akawa anajigonga gonga kwenye vioo. Mkuu wa chuo anapiga kelele wageni wamekaribia. Huyu akashuka, akafungua madirisha yote, akazima taa zote, akakaa chini gizani, akamwambia Mkuu, tumpe nafasi aone mwanga uko wapi. Akasubiri mpaka ndege akatoka. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma, hakuniona. Nikasema moyoni, ni huyu." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo waya nililegeza mimi. Kwa kile kichuma cha kuchokolea meno."

"Wewe!" Neema akaruka. "Binti yangu! Umecheza na umeme?"

"Nilizima swichi kuu kwanza, baba."

"Na mara ya pili?"

"Mara ya pili pia nilizima."

Shangazi akapiga makofi. "Mungu wangu! Na nyie mnakaona kapole!"

Basi Neema alikuwa ameshaelewa, na uso wake ukafunguka na ndevu zote. Akainuka nusu kwenye kiti. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akamgeukia mume wangu, siyo ukuta, mume wangu mwenyewe, akamnyooshea kidole.

"Umesikia? Umesikia, wewe mtu? Alipendwa kabla hajajua! Alidhani anakwenda kazini, kumbe anaitwa! Nani alianza hapo? Sema nani alianza!"

Nikamtazama mume wangu. Nilimwona mikono imeshika magoti tayari kuinuka. Nikajua anaondoka. Nikasema, basi, satini yangu imekwenda na maji.

"Lakini nilijua," mwanangu akasema.

Sote tukamgeukia.

"Mara ya pili nilijua. Nilivyoona ile mikwaruzo na kile kichuma kwenye sinia, nilijua. Ndani ya gari ninavyo vifuniko vya soketi vyenye kufuli. Ningefunga kimoja, yakaisha. Au ningemtuma mwenzangu siku nyingine. Sikufunga na sikumtuma. Nilikaza ule waya kidogo tu, usiwe mgumu kwake, nikaondoka, nikasubiri simu." Akamwangalia yule binti, na mimi mama yake nilitaka kutazama pembeni maana macho yale hayakuwa ya kutazamwa na mama mtu. "Simu ilipopigwa mara ya tatu, nilinyoa ndevu. Nikavaa shati la Jumapili. Nikaenda."

"Aaa!" Sasa mume wangu ndiye aliyeruka, chai ikamwagika kwenye sahani. "Alijua! Aliridhia! Shati la Jumapili, Neema! Mtu anayeburuzwa anavaa shati la Jumapili?"

"Angevaa la kwenda wapi kama hajaitwa?"

"Na angeitwa asiende, ingekuwaje?"

"Hata kule kutaka kwenda, nani alimpa kama siyo yule ndege?"

"Ndege gani? Ndege alimwona binti yako, mwanangu hakuwa na habari!"

"Ndiyo nasema! Hakuwa na habari!"

Lo, walivyokuwa! Wamesogeza viti mbele, magoti yanakaribia kugusana, mate yanaruka, mmoja anamtaja Agustino, mwingine anampiga kwa Krisostomo, Tomaso wa Akwino akaitwa kuamua na wote wakamkatiza. Mimi na shangazi tulicheka mpaka tukashikana. Nikatazama ukutani, rafiki yangu anacheka naye. Nilikuwa sijaisikia kelele ile tangu zile Jumapili zetu, na sikujua nimeikosa kiasi gani mpaka ilipoingia masikioni.

Kisha Neema akakumbuka kwamba yeye ni baba. Akamgeukia binti yake, sauti imeshuka.

"Lakini mwanangu, kama asingekuja je? Ile mara ya tatu?"

"Ningelegeza tena," binti akasema.

"Na kama bado?"

"Ningelegeza tena, baba. Soketi ni yangu."

Neema akacheka, lakini kicheko kikaishia njiani. Nikamwangalia mume wangu, nikaona ameacha kucheka kabla yake. Alikuwa anaitazama ile picha ukutani. Ameshika kikombe kilichomwagika, hajui akiweke wapi.

"Nilikiona," akasema.

Akamgeukia Neema.

"Kile kiti. Siku ya mama yake huyu. Nilikiona na kofia yako juu yake. Niliona unavyowakatalia watu." Mume wangu ni mtu wa maneno, lakini hapo yalikuwa yanatoka moja moja. "Nimefundisha miaka yote kwamba mtu akiitwa, kwenda ni kwake. Na ni kweli. Hakuna aliyenishika siku ile. Miguu ilikuwa yangu. Uliniita, Neema, na mimi sikuja."

Watoto walikuwa wamesimama, hawajui waangalie wapi. Shangazi ameweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimesubiri maneno yale tangu siku ya mazishi, na sasa yamekuja nikaogopa. Nilifikiri Neema atasema neno la kwenye kikao. Alikuwa nalo, na angekuwa na haki.

Neema hakusema. Akainuka taratibu, akaenda kwenye kile kiti cha mkono wake wa kulia, kile cha vitabu. Akachukua mzigo wa kwanza, akauweka chini sakafuni. Mtu yule, mkewe aliwahi kuniambia, hata kitabu kikianguka kwa bahati mbaya anakiokota na kukifuta na kukiomba radhi. Akachukua mzigo wa pili, akauweka chini. Vikamwagika, akaviacha. Akafuta kiti kwa mkono wa shati. Kisha akarudi kukaa mahali pake, akatazama mbele, na mkono wake ukabaki juu ya mgongo wa kile kiti.

Mume wangu akaweka kikombe. Akainuka. Kutoka alipokuwa mpaka pale ni zulia moja tu, lakini alilivuka kama mtu anayevuka barabara kubwa. Akakaa.

"Umechelewa," Neema akamwambia.

"Nimechelewa," mume wangu akasema, na akainamisha kichwa, na mkono wa Neema ukatoka kwenye mgongo wa kiti ukahamia begani kwake.

Shangazi ndiye aliyetuokoa. "Jamani, na posa je? Watoto wamesimama kama wanasubiri basi!"

"Posa gani tena?" Neema akajifuta macho kwa ndevu. "Si wamesema wenyewe? Aliita, akaitika. Mimi nani?" Akamwita binti yake, akamwekea mkono kichwani, na mwingine kwa mwanangu, akasema maneno ya baraka yaliyokatika katikati, na mume wangu akamalizia.

Nikafungua mkoba, nikatoa futi ya kupimia.

Neema akaniona. "Shemeji! Hiyo ulikuja nayo?"

"Nilikuja nayo."

"Ulijua nitakubali?"

"Sikujua. Nilikata."

"Alikata kabla!" mume wangu akasema kutoka kwenye kiti chake. "Kabla ya yote! Neema, usinitazame hivyo, hiyo haihesabiki upande wako."

"Inahesabika."

"Haihesabiki!"

Nikawaacha. Nikamsimamisha binti dirishani kwenye mwanga, nikapitisha futi begani kwake, kutoka mfupa huu mpaka mfupa ule. Ilikuwa sawasawa na ya mama yake. Haikuzidi wala haikupungua. Akageuza shingo kidogo kunitazama, na ni rafiki yangu kabisa alivyokuwa akigeuka nikimpima, akiniambia nisimbane kwapani.

Hapo nikalia. Mbele ya wote, kwa sauti, futi mkononi. Na asije mtu akaniuliza nililia kwa hiari au kwa neema.